Aliyemrudisha Mayu Barabarani: Kwaheri kwa Fundi Kristofa Shigela

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Fundi Mkuu wetu, Bwana Kristofa Shigela, alistaafu rasmi tarehe 30 Novemba 2024. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Muzdalifa Sadick wa stoo ya vipuri, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa maelezo kwamba hakuna mtumishi mwingine aliyegombana naye kwa muda mrefu kama mimi. Sikatai. Ukibishana na mtu kuhusu nati na boliti kila asubuhi ya Mungu, unamfahamu kuliko baadhi ya ndugu zake, na asikwambie mtu, nitaikosa sana hiyo fujo.

Fundi Shigela alizaliwa Kiloleli, wilayani Busega, katika familia ya wakulima wa pamba na mpunga. Alisomea ufundi magari Mwanza, kisha mwaka 1990 akaajiriwa hapa kwenye Kiwanda cha Kuchambua Pamba cha Mhola, kando ya barabara ya Dutwa, akiwa kijana mwembamba mwenye shati jeupe. Wembamba uliisha mapema, na lawama zote anamtupia mkewe, Mama Milembe, na ugali wake. Shati jeupe limebaki. Siku ya kujaribu gari Fundi huja amelipiga pasi, na ole wake atakayemgusa na mkono wenye grisi. Ukimuuliza kwa nini siku hiyo asivae ovaroli kama wenzake, anakujibu kwamba fundi anayeogopa kuvaa jeupe siku ya majaribio anajua mwenyewe alichokifunga vibaya.

Alianza kama fundi msaidizi, akawa fundi wa malori, akawa msimamizi wa zamu, na tangu mwaka 2009 akawa Fundi Mkuu. Tusimpambe kwa unyenyekevu asiokuwa nao. Fundi Shigela anajua kwamba anajua, na hukwambia. Akimaliza kazi nzuri huizunguka mara mbili, mikono kiunoni, akisubiri mtu amsifu, na usipomsifu anajisifu mwenyewe ili muda usipotee.

Mwaka wa mvua kubwa, 1998, lori la mbegu lilizama hadi ekseli karibu na Nkoma. Fundi alifika kwa baiskeli, akawaomba wakulima maksai wao wa kulimia, akawafunga kwa mnyororo mbele ya lori, akashika usukani mwenyewe huku wenye ng'ombe wakiwaimbia. Lori likatoka na mbegu zote kavu. Viatu vyake havikutoka. Mpaka leo anadai viko kule kule kwenye tope na kwamba iko siku vitaota.

Yeye pia ndiye aliyeanzisha desturi ya salamu. Kila dereva wetu, kabla ya kuwasha gari asubuhi, hufungua boneti na kulisalimia: mwangaluka, yaani umeamkaje. Wageni hudhani ni utani wa Kisukuma. Lakini huwezi kuisalimia injini bila kufungua boneti, na ukishafungua boneti huwezi kujifanya hujaona kiwango cha oili na maji. Gari lisilojibu mhola, yaani salama, halitoki getini. Kwa adabu hiyo injini nyingi za kiwanda hiki zimeishi umri mrefu.

Kati ya magari yote yaliyosalimiwa, moja lilipewa jina. Ni lile la kijani lenye fo-wili, yaani nguvu kwenye tairi zote nne, linalopeleka mbegu na dawa za pamba kwenye njia ambazo malori hayathubutu wakati wa masika na vuli. Madereva walimwita Mayu, yaani mama, kwa sababu hakuwahi kumtelekeza mtu porini. Mwezi Juni mwaka huu injini yake ikafa. Haikuumwa wala kudhoofika, ilipasuka bloku pale Dutwa mbele ya watu, na dereva wake wa siku zote, Twaibu Muksini, akavua kofia kama yuko msibani.

Hapo ndipo tumbo joto lilipoanza. Bodi ya kiwanda ilikaa, ikaona Mayu amezeeka, Fundi Mkuu anastaafu, na gereji za nje zipo tele. Ikaamua hivi: kama Mayu hatafikisha mbegu Nkoma na kurudi kwa magurudumu yake mwenyewe kabla ya Novemba kwisha, karakana itafungwa, na mafundi watatafutiwa kazi nyingine kiwandani au watapunguzwa. Mtu aliyeumia kuliko wote ni Doto Malimi. Doto ni mchomeleaji wetu na msaidizi wa Fundi, mwanamke wa maneno machache na mikono isiyotetemeka. Fundi alikuwa amemwandaa kwa miaka mingi ili amwachie ofisi. Sasa ikaonekana angemwachia kufuli. Fundi alitoka kwenye kile kikao hajisifu, na sisi tuliomzoea tukaogopa.

Injini ilipatikana haraka: dizeli nzuri iliyotolewa kwenye lori dogo lililokatwa vipuri. Tulidhani kazi imekwisha. Kumbe injini ni nusu ya kwanza, na nusu ngumu ni giaboksi. Maana nguvu ya injini haifiki kwenye tairi yenyewe, lazima ipite kwenye gia, na gia zikiwa si zake, ama injini inachoka ama gia zinasagika.

Maoni yakawa mengi kuliko spana. Ofisi ya usafirishaji ilitaka giaboksi ya lori lile lile, kwa kuwa inakaa kwenye injini yake bila kukata chuma, na gari lingetembea ndani ya wiki. Sababu nzuri, ila giaboksi ile haikuwa na fo-wili. Twaibu yeye alitaka giaboksi ya zamani ya Mayu. Alisema anaifahamu kama kitanda chake. Nayo sababu nzuri, ila meno yake yalikuwa yamelika, na injini mpya yenye nguvu zaidi ingeyamaliza kabla ya Krismasi. Mimi nilitaka yoyote ambayo boliti zake ninazo stoo. Hakuna aliyeniuliza.

Fundi alisikiliza wote, kisha akafanya jambo ambalo amelifanya maisha yake yote ya kazi: akaenda kuiangalia njia. Kwake yeye giaboksi haichaguliwi karakanani, inachaguliwa barabarani. Alipanda pikipiki na Doto mpaka Nkoma, wakasimama kwenye kila bonde, wakawauliza wakulima magari hukwama wapi, hukwama vipi, na hutolewa na nini. Walichimba kwa kijiti kuona udongo mweusi wa mbuga unakwenda chini kiasi gani. Walirudi wamevaa vumbi. Fundi akaja moja kwa moja stoo kwangu, akaweka bonge la ule udongo juu ya kaunta niliyotoka kuifuta, akasema hilo ndilo litakalochagua. Nilimpa maneno yake, lakini kesho yake uamuzi ulikuwa umetoka.

Uamuzi wenyewe ulikuwa wa kuchanganya. Atachukua giaboksi ya lori, yenye gia tano na meno mazima, aikalishe nyuma ya injini yake. Halafu ile giaboksi ndogo ya fo-wili ya Mayu ataiacha pale pale ilipo chini ya gari, na kuziunganisha hizo mbili kwa kipande kifupi cha propela, kile chuma kinachozunguka kupeleka nguvu kwenye tairi. Nguvu kutoka kwa mgeni, miguu kutoka kwa mwenyeji. Nilipouelewa mpango huo nilisisimka, nikampa boliti bila ugomvi, jambo ambalo karakana nzima ililizungumza.

Tatizo lilibaki moja. Giaboksi ya lori, ikishakaa mahali pake, mkono wake wa gia ulichomoza nyuma ya kiti cha dereva. Twaibu angelazimika kubadili gia kama mtu anayejikuna mgongo. Kwa hiyo ilibidi watengeneze mkono mpya mbele na kuuunganisha na ule wa nyuma kwa fimbo ya chuma ipitayo chini ya sakafu. Na mkono mpya uwekwe wapi? Fundi alimkalisha Twaibu kwenye kiti, akamfunga macho kwa kanga aliyoiazima kwangu, ambayo haijarudi, akamwamuru aendeshe kwenda Nkoma. Mwanzoni Twaibu aliona aibu. Baadaye njia ikamwingia, akawa anakanyaga klachi, anavuta gia hewani, anapiga honi kwa mdomo kuwafukuza ng'ombe. Kila mkono wake ulipotua, Doto aliweka alama ya chaki kwenye boksi lililosimamishwa pembeni. Mkono wa gia ukawekwa pale pale alama zilipokutana. Hakuna gari Simiyu nzima lenye mkono wa gia uliokaa vizuri hivyo, na wakati huu hata mimi namsifu.

Siku injini ilipowashwa Mayu alikuwa juu ya magogo, tairi zote hewani. Twaibu akaingiza gia moja baada ya nyingine, tairi zikazunguka, karakana ikalipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana. Mwingine alipiga ngoma kwa pipa la oili. Fundi alizunguka gari mara mbili, mikono kiunoni. Tulishangilia sana hata hakuna kati yetu aliyeangalia tairi zinazunguka kuelekea upande gani.

Bodi ilikuja Jumanne kushuhudia. Sasa, karakana yetu ina desturi nyingine ambayo lazima niieleze. Gari lililofunguliwa na kufungwa upya likitoka mara ya kwanza, wote waliolishika wanapanda nyuma. Umefunga nati, panda. Umechomelea, panda. Ni namna yetu ya kumwambia dereva kwamba hatukumfungia kifo. Mimi nilitoa boliti tu, nami nikapandishwa, na sketi yangu nzuri. Fundi alikuwa ndani ya shati jeupe kuliko yote. Wajumbe wa Bodi walisimama nyuma yetu, kwenye kivuli cha ghala. Twaibu akawasha, akaingiza gia namba moja, akaachia klachi taratibu kwa heshima, na Mayu akaenda kinyumenyume.

Wajumbe walitawanyika kwa kasi ambayo sikuitegemea kwa watu wa umri wao. Twaibu alipigwa na butwaa, na kabla mguu haujapata breki tulikuwa tumeshaingia kwenye lundo la mbegu za pamba kando ya ghala. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini lundo lilitumwagikia, na Fundi Shigela akasimama mle nyuma mweupe kichwa hadi kiunoni, shati halitofautiani na uso. Twaibu aliapa kwamba aliingiza namba moja. Ili kuthibitisha, akaingiza rivasi, na Mayu akaenda mbele vizuri kabisa.

Kosa lilikuwa letu, na kwa akili yangu ya stoo lilikuwa hivi. Mkono wa gia hufanya kazi kama mizani ya kupimia pamba: upande mmoja ukienda huku, mwingine unakwenda kule. Fundi na Doto walikuwa wameifunga fimbo kwenye ncha ya chini ya mkono mpya. Dereva akisukuma mbele kushoto, chini kunavuta nyuma kulia, na fimbo inaupeleka mkono wa zamani huko huko. Ramani nzima ya gia ikageuka, namba moja ikawa rivasi, na rivasi ikawa namba moja.

Mwenyekiti wa Bodi hakucheka. Aliuliza kama safari ya kupeleka mbegu Nkoma siku ya Ijumaa bado ipo. Fundi alishuka, mbegu zikimdondoka, akasema kosa ni lake, safari ipo, na akaomba maji ya kunawa.

Twaibu alitoa suluhisho la haraka. Ataizoea ramani iliyogeuka, kwani yeye ndiye dereva, na kwa siku mbili mkono utajifunza. Tulio wengi tulimuunga mkono kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Fundi alikuja juu. Alisema Twaibu ataizoea, sawa, lakini iko siku Twaibu atakuwa na malaria, dereva mwingine atashika usukani katikati ya mnada Dutwa, nyuma yake kuna akina mama wamepanga nyanya. Yeye hatoki kazini akiwa ameacha gari la namna hiyo. Basi ikabidi sakafu ikatwe upya, na fimbo ifungwe juu ya egemeo la mkono badala ya chini, ili mkono ukienda mbele fimbo nayo iende mbele.

Na hapo wakagombana, yeye na Doto. Fundi alitaka kuliinua egemeo kwa vipande vya chuma na boliti, wamalize mchana ule ule. Doto alikataa. Alisema boliti zitalegea kwenye mtikisiko wa mbuga, linatakiwa lichomelewe na kutiwa mhimili, hata kama itachukua siku nzima. Sijawahi kumsikia Doto akisema maneno mengi kiasi hicho. Fundi alifoka, akatoka nje, akazunguka pampu ya maji, akarudi na kumwambia achomelee. Siku iliyofuata yote alimshikia chuma yeye, Fundi Mkuu, huku Doto akichomelea na kumkemea asitikise. Safari hii tairi zilipoinuliwa hewani tuliziangalia kwa macho yote.

Ijumaa mvua iliamka kabla yetu. Tulipakia mbegu, tukafunika turubai, nasi tukapanda juu yake. Mpaka Dutwa tulikuwa tunaimba. Tulipoiacha barabara kubwa tukashikilia kamba za turubai. Mbuga ilikuwa imekunywa maji, nyeusi na laini, na kwenye kila bonde kulikuwa na alama za magari yaliyojaribu na kurudi. Twaibu aliingiza fo-wili. Mayu akashika.

Bonde baya kuliko yote liko karibu kabisa na Nkoma. Pale Fundi na Doto walichimba kwa kijiti wakakosa mwisho. Unaingia kwa gia ya tatu ili uwe na kasi, na katikati tope linakuvuta, lazima ushuke gia ya pili upesi. Ukikawia kutafuta gia, gari linasimama, na likisimama limezama. Tulisikia injini ikianza kugugumia. Nilimwona Fundi amefumba macho na mkono wake wa kushoto unatafuta gia hewani. Kisha tukasikia klachi, na gia ya pili ikaingia kama kisu kwenye papai. Mayu alinguruma, akatapika tope pande zote, akapanda. Nililia. Kila mtu alilia au alipiga kelele, na Doto alikaa tu, ameushika ubavu wa gari kwa kiganja.

Nkoma walitupokea kwa vigelegele, na mbegu zilishushwa na watu wengi kuliko magunia. Wapo walioanza kupanda jioni ile ile. Tukarudi kwa magurudumu yetu wenyewe, na getini Twaibu alipiga honi mpaka mlinzi akaziba masikio.

Wiki iliyofuata Bodi ilitangaza kwamba karakana inabaki, na kwamba kuanzia tarehe 1 Desemba Fundi Mkuu ni Doto Malimi. Fundi Shigela alifuta machozi mbele ya watu wote wala hakuona haya, na tukampigia makofi muda mrefu.

Lakini kutangaza ni jambo moja. Jumatatu ya tarehe 2 Desemba, mstaafu wetu alitokea getini asubuhi kama kawaida, ovaroli mwilini, spana mfukoni, akisema anapitia tu kuangalia ile fimbo ya Mayu kama haijalegea. Doto alimwamkia kwa heshima zote, akapiga goti kama binti kwa babaye. Kisha akamwambia kwamba fimbo ameshaikagua yeye, haijalegea, na kwamba mlinzi ana maagizo ya kutomruhusu Mzee Shigela kuingia na spana. Hiyo ndiyo amri ya kwanza aliyoitoa tangu ashike ofisi.

Uso wa Fundi ulibadilika. Nilikuwa stoo dirishani, nikajua leo patachimbika. Akamtazama Doto, kisha Mayu, ambaye alikuwa amefunguliwa boneti anasalimiwa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni kilichowatoa watu maofisini. Akampa mlinzi ile spana, akamwambia ampelekee Fundi Mkuu, akageuka na kwenda zake nyumbani, mikono kiunoni.

Fundi Kristofa Shigela, kwa niaba ya uongozi na wafanyakazi wote wa Mhola, asante kwa kila gari, kila kemeo na kila fundi uliyetuachia. Wewe na Mama Milembe tunawaombea afya, mvua za kutosha Kiloleli, na uzee mtamu. Spana yako imetundikwa ukutani ofisini kwa Doto, na amesema haazimishi.